Harusi Iliyotoka Nusu

Takoradi,
27 Novemba 1972

Araba mdogo wangu,

Natumaini hujambo na umeanza kuzoea baridi ya asubuhi ya Kumasi. Sisi huku tuko salama. Mbao zinaendelea kupakiwa melini, na mimi naendelea kuzihesabu ghalani.

Picha za harusi hizi hapa. Kabla hujafungua bahasha ya ndani, kaa kwanza. Hazikutoka vizuri. Kila picha ya ukumbini ina upande wenye watu na upande mweusi tii, kama mtu aliyesimamisha ubao mbele ya lenzi. Ni ile kamera mpya, niliyoinunua kwa baharia Mgiriki wiki chache kabla ya harusi. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya kigeni, sikuweza kuisoma hata neno, nikaitumia kama nilivyozoea kutumia ile ya zamani. Nimejuta.

Wewe umetoka vizuri karibu zote. Shemeji Agyenim katoka uso na bega moja. Nimeweka na vipande vya filamu yenyewe, ili mkipata fundi wa studio mwenye karatasi nzuri kuliko zangu awasafishie kubwa. Zilizobaki zote zimeharibika, usizisubiri.

Msalimie mumeo na mkweo, Mama Birago.

Kaka yako,
Ekow


Ash-Town, Kumasi,
6 Desemba 1972

Kaka Ekow,

Barua imefika. Kosa langu ni kuifungulia sebuleni.

Mama alikuwa anamenya karanga. Akafuta mikono, akasema, "Lete nione." Akachukua ya kwanza, akaisogeza dirishani.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Hilo naliona. Hapa pembeni alisimama nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi niko wapi?"

Akachukua ya pili, ya tatu, akazipanga zote juu ya meza kama anavyopanga vitambaa vyake sokoni, kisha akazunguka meza polepole akiziangalia. "Ninyi nyote mmo," akasema. "Hata yule binamu yenu aliyelewa, yumo na meno yake yote. Upande wangu hakuna hata kiatu."

Nikasema ni kamera imeharibika. Akaniuliza kamera gani inayoharibika ikachagua ukoo. Ni kweli ukumbini wao walikaa kushoto, na kushoto ndiko kweusi, kila picha, bila kukosea.

Hajasahau siku ya posa. Anakumbuka ulivyomuuliza Agyenim mbele za watu mwanamume wa umri wake amekaa na nani miaka yote hiyo. Jana alinirudishia maneno yako kama ulivyoyasema, mpaka na kikohozi chako. Sasa ameacha kula chakula changu. Anasema ni tumbo, lakini anajipikia uji jikoni hapohapo, na sufuria yake anaiosha mwenyewe kabla na baada.

Na barua zako anataka nizisome kwa sauti. Hajui kusoma, ila hadanganyiki. Leo niliruka mistari michache tu, akasema, "Karatasi ina mistari mingi kuliko maneno yako."

Nimwambie nini?

Araba


Ash-Town, Kumasi,
15 Desemba 1972

Kwa Shemeji Ekow Bentsil,

Salamu kwa heshima zote. Nakuandikia mimi mwenyewe, bila mke wangu kujua, kwa sababu jambo hili limekuwa kubwa kuliko picha.

Mama yangu ameziita pande zote za ukoo wetu na kuwaonyesha. Wapo wanaosema ni dharau. Wapo wanaosema mambo mabaya zaidi, kwamba mtu aliyefunikwa giza katika picha ya furaha ametakiwa giza. Mjomba Adom ameanza kulalamika kifua. Mimi sisemi naamini. Mimi ni karani wa mahakama, nimezoea kusikia pande mbili.

Nimezipeleka picha kwa mwenye studio hapa Bantama, mtu mwenye uzoefu. Amesema amepiga picha harusi maisha yake yote, kwa flashi, na kamera yake haijawahi kumfanyia hivyo. Amesema giza la mstari ulionyooka namna ile haliji bila mkono wa mtu.

Wazee wanakutaka uje Kumasi na kinywaji, kama desturi ilivyo, uketi, ueleze. Nami ningependa kusikia kutoka kwako mapema, shemeji, ulikuwa na nia gani.

Wako,
K. Agyenim


Takoradi,
24 Desemba 1972

Araba,

Mumeo ameniandikia barua kama anayemwita mshitakiwa. Sitajibu kwake. Nakujibu wewe, na hii msomee Mama Birago neno kwa neno, usiruke hata mkato. Mama, kama unasikiliza, shikamoo.

Mwenye studio wa Bantama hasemi uongo. Anasema alichokiona kwenye kamera yake. Lakini kamera yake na hii yangu hazifungi jicho kwa namna moja.

Ndani ya kila kamera kuna kitu tunachokiita shata. Ndiyo inayoruhusu mwanga uifikie filamu kisha ikauzuia. Ile sauti ya "cha" unayoisikia ni yenyewe. Kwenye kamera ya zamani, na ya huyo bwana, shata imekaa ndani ya lenzi. Ni vibati vyembamba vinavyofunguka kutoka katikati, vikafunga. Vikifunguka, dirisha lote liko wazi. Ukiwasha flashi wakati huo, watu wote wanapata mwanga.

Hii mpya haina vibati. Ina mapazia mawili ya kitambaa cheusi, mbele kabisa ya filamu. Ukibonyeza, pazia la kwanza linakimbia kutoka upande mmoja kwenda wa pili, dirisha likafunguka. Kisha pazia la pili linalifuata na kufunga. Ukiiendesha polepole, la kwanza linafika mwisho kabla la pili halijaondoka, na kwa nukta hiyo dirisha lote liko wazi. Lakini ukiiendesha haraka, la pili linaondoka kabla mwenzake hajafika. Dirisha zima haliwi wazi hata mara moja. Kinachopita mbele ya filamu ni ufa tu, unaotembea.

Na flashi ni kitu cha ghafla, inawaka na kuzimika kabla ufa haujamaliza safari. Kwa hiyo inaimulika ile sehemu tu iliyokuwa wazi wakati huo. Sehemu nyingine pazia la pili limeshaifunika. Giza.

Mimi nilikuwa nimeiweka kwenye mwendo niliouzoea tangu kamera ya zamani. Ningepunguza hatua moja tu, watu wote wangetoka. Pazia la pili huanzia upande uleule kila mara, ndiyo maana giza limekaa upande uleule. Ningewapanga watu wetu, akina Bentsil, kushoto, wangepotea akina Bentsil. Tena laiti ningewapanga.

Wala si kamera mbovu. Nimeijaribu tangu hapo. Mchana, bila flashi, picha inatoka nzima hata shata ikienda kasi yake yote, kwa sababu jua halizimiki. Ufa unatembea na kila sehemu inapata zamu yake.

Hiyo ndiyo nia yangu yote. Kuja Kumasi na chupa ya kinywaji kuomba radhi kwa kosa la kitambaa, sitakuja.

Krismasi njema. Kula samaki kwa ajili yangu.

Ekow


Ash-Town, Kumasi,
8 Januari 1973

Kaka Ekow,

Nimeisoma yote kwa sauti, mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya Mama, mara ya pili Agyenim alipotoka kazini.

Agyenim alichukua mapazia ya chumbani na kuyavuta kwenye dirisha, moja akalishika yeye na jingine mimi, tukakimbizana nayo mpaka nikacheka, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Amekubali. Anasema maelezo yamekaa sawasawa na amekosea kukuandikia vile. Hilo limekwisha.

Mama hajakubali. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kanga ya begani, akasema, "Mapazia nimeyaelewa. Nimeuza vitambaa miaka mingi, pazia nalijua. Ila huyu kaka yako ameeleza mno. Mtu aliyekosea tu anasema nimekosea. Huyu kajenga nyumba nzima ya maneno. Ndani yake kaweka nini?"

Nilikasirika. Nikamwambia wewe ndiyo tabia yako, hata ukiulizwa saa unaeleza saa inavyotengenezwa. Lakini usiku nililala na maneno yake.

Kaka, umenifundisha mwenyewe kwamba mchana, bila flashi, picha inatoka nzima. Siku ile tulitoka kanisani jua likiwa bado juu. Ulinipiga picha nikishuka kwenye gari. Ulinipiga uani, na wasichana, na Agyenim, na peke yangu kwenye geti, ukaniambia, "Inua kidevu, acha kuonekana kama umetoroka." Huko hakukuwa na flashi. Zile ziko wapi?

Nikatoa vipande vya filamu nikaviinua kwenye taa. Pembeni vina namba ndogondogo. Vinaanzia kumi na tano. Picha ya kumi na tano ndiyo ile ya keki.

Moja mpaka kumi na nne umezikata kwa mkasi. Mkato unaonekana.

Mama sijamwambia.

Araba


Takoradi,
16 Januari 1973

Araba,

Zile za mwanzo ziliingia mwanga nilipokuwa nasafisha. Mlango wa bafu langu haufungi vizuri, na hilo ndilo chumba changu cha giza. Zikawa nyeusi zote, nikazitupa. Ndiyo maana nilikuambia zilizobaki zimeharibika.

Usimpe mkweo kuni za kuchochea. Ghalani tuna kazi nyingi, nitaandika tena.

Ekow


Ash-Town, Kumasi,
28 Januari 1973

Kaka Ekow,

Jumapili Mjomba Adom alikuja kula. Kifua chake kimepona, kilikuwa tumbaku. Mama akamwekea picha mbele yake, maana sasa ndiyo mchezo wake, kila mgeni lazima azione. Mjomba akaziangalia, akasema si neno, yeye hata hivyo muda mwingi alikuwa nje anavuta.

Kisha akasema, bila mtu kumuuliza, "Nilikaa na yule mzee."

Mama akamwuliza mzee gani.

"Yule wa kwenye uzio. Mrefu, kavaa koti la reli. Nilimkuta amesimama barabarani anaangalia ndani. Akaniuliza bibi harusi amependeza? Nikamwambia ingia uone mwenyewe, chakula kipo. Akasema hapana, mimi sikualikwa. Nikampa sigara. Akaishika tu, hakuiwasha."

Mama alikuwa anatafuna. Akaacha. Hakuniangalia mimi, aliangalia zile picha pale mezani.

Kaka, mimi nilikutuma. Nilikuomba uende Sekondi, kule relini, umwone Baba kwa macho, umwambie Araba anaolewa na anakuomba uje. Sikutaka kumtumia kadi kama mtu wa kazini. Ulirudi jioni ukasema umemkuta, umemwambia, amekataa. Ulisema alikujibu, "Mimi na watu wale tulishaachana." Nililia kwa maneno hayo. Ulikaa karibu yangu ukanishika kichwa.

Mtu aliyekataa hasimami kwenye uzio.

Nataka unijibu mambo mawili tu. Ulikwenda Sekondi? Na katika zile picha ulizokata, kuna nani?

Araba


Ash-Town, Kumasi,
14 Februari 1973

Kaka,

Jibu halijafika. Nimekwenda posta mara nyingi mpaka yule karani ananiona na kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nilikuwa nataka kufikiri barua imepotea, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kufikiri.

A.


Takoradi,
21 Februari 1973

Araba,

Chukua. Ni namba tisa. Nyingine zote nitakutumia zikikauka, zimetoka nzima, umependeza mpaka inauma. Hazikuingia mwanga wowote.

Unashuka kwenye gari, umeinua gauni kidogo usilikanyage. Nyuma yako, kati ya gari na nguzo ya uzio, yuko yeye. Kofia kaishika mkononi. Haangalii kamera, anakuangalia wewe.

Sikumwona siku ile. Ukitaka usiamini, lakini ndivyo kamera hii ilivyo. Unachungulia kwa kioo kilicho ndani yake, na shata inapopiga kioo kinajiinua, na kwa wakati uleule jicho lako linaona giza. Unachokipiga ndicho usichokiona. Nilimwona wiki ya pili, bafuni, akijitokeza taratibu kwenye maji ya dawa. Kwanza kofia, halafu mikono, halafu uso. Nilidhani nimechoka. Nikawasha taa kabla ya wakati, nikaiharibu nakala ile, nikaitoa nyingine, naye akaja tena.

Sekondi sikwenda. Siku ile nilikwenda mpaka kituo cha magari, nikanunua kenki ya mahindi na samaki, nikala, nikakaa hapo mpaka jioni, nikarudi. Maneno niliyokuambia amesema niliyatunga nikiwa ndani ya gari. Nilitafuta maneno ya kukufanya usimwulizie tena.

Na sasa nikuambie na lingine, maana umetaka. Mama yetu alipofariki nilikuwa kidato cha nne. Niliacha shule nikaenda kubeba mbao ili wewe usiache. Yeye alikuwa Sekondi, mwendo wa nusu saa, na mke mwingine, na mshahara wa reli kila mwezi. Siku ya harusi kuna mtu anayemshika bibi harusi mkono na kumpeleka mbele. Nilijua kama angekuja, mchungaji angesema baba mzazi apite. Na angepita. Angeingia na koti lake akachukua mkono wako mbele ya watu, nami nikakae benchi la pili na kamera yangu.

Sikutaka. Ndiyo hivyo.

Giza la upande wa kushoto halikuwa langu, nakuapia. Lakini lilipotokea, nilifurahi. Niliona nimepata sababu ya kusema zote zimeharibika.

Kwa Mama Birago sina la kusema.

Ekow


Ash-Town, Kumasi,
5 Machi 1973

Kaka Ekow,

Jumamosi nilikuwa Sekondi. Sikupita kwako.

Nilitaka kwenda peke yangu. Picha ilipofika nilimwonyesha Mama. Nilichoka kuruka mistari. Nikamsomea barua yako yote. Aliposikia habari ya benchi la pili aliniomba nirudie, nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo mapazia yalikuwa ya kweli." Nikasema ndiyo, Mama. "Nilikuambia kaweka kitu ndani ya ile nyumba." Nikasema uliniambia. Hakujisifu, akaenda kutafuta viatu vyake vya safari. Agyenim akauliza nani atafungua duka la vitambaa sokoni. Akamwambia, "Wewe."

Kwenye treni nilifungua chakula changu. Mama aliangalia ndani ya bakuli kwa muda, akaangalia nje, akaangalia tena. Halafu akala. Bado anachungulia kwanza, lakini anakula.

Baba anakaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli. Yule mwanamke aliondoka siku nyingi. Amekonda. Ana mabega yako, Kaka, na ile tabia yako ya kukohoa kabla ya kusema jambo gumu. Mama Birago alipomsikia akikohoa aliniminya mkono.

Alitupa maji, akatuuliza habari za njia. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea. Nikamwambia tu, "Baba, mimi nilikualika."

Akasema, "Mimi sikusikia."

"Nilimtuma mtu. Hakufika."

Hakuuliza nani. Alitazama mikono yake. Akasema habari za harusi alizipata kwa mama muuza samaki, na kwa miezi yote hii amekuwa akijiambia binti yangu ana haki ya kutonitaka, ingekuwa ni mimi nami nisingejitaka. Amekaa na hilo, Kaka. Alikwenda pale kwenye uzio akijua kabisa kuwa mimi ndiye niliyemwacha nje.

Mama Birago akamwambia, kwa ule ukali wake, "Sasa umejua ulialikwa. Ungeambiwa, ungekuja?"

Baba alikohoa kwanza. Akasema, "Nisingekuja. Ningeingia kanisani na uso gani, mbele ya yule kijana aliyefanya kazi yangu? Nisingekuja. Lakini ningekuwa nimeambiwa."

Yule kijana ni wewe. Hakusema neno lingine juu yako, wala baya wala zuri.

Sijui nikuambie nini. Chakula nilichokula miaka yote ni chako, vitabu vilikuwa vyako, na mkono ulionipeleka mbele ulikuwa wako, nami nisingependa uwe mwingine. Ungeniambia, Kaka, "Araba, nataka niwe mimi," ningekwenda kwa mchungaji mwenyewe. Badala yake ulinipa maneno ya kutunga yaliyotoka kwa baba yangu, ukanishika kichwa nikiyalilia. Kila barua yako sasa naisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa habari, mara ya pili natafuta mkasi umepita wapi. Mama amenifundisha hivyo, na wewe umempa haki.

Sikuombi uje Kumasi. Wazee wamefunga lile shauri, Agyenim aliwaeleza kwa mapazia. Nakuomba jambo moja. Nilikutuma Sekondi mwezi wa kumi. Bado sijapata majibu ya safari hiyo.

Araba


Takoradi,
20 Machi 1973

Araba,

Nilikwenda Jumapili, baada ya kanisa. Kamera niliiacha nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anashona kifungo, miwani imemshuka puani. Aliniangalia kwa muda, nami sikujua kama ananitambua, kisha akaiweka sindano kwenye kopo lake, taratibu, akasimama. Hakunipa mkono. Akateka maji kwenye kikombe, akanipa kwa mkono wa kulia, akasubiri ninywe. Akakaa, akaniuliza kama anavyoulizwa mgeni yeyote, "Huku kwema. Wewe ndiye mwenye safari. Umeleta habari gani?"

Nilikuwa na mengi, Araba. Nilikuwa na ya Mama, ya shule, ya mbao. Njia nzima nilikuwa nayapanga, na mengine yalikuwa makali. Lakini aliponiuliza vile, nikaona mimi sikuja na langu. Nilikuwa nimetumwa.

Nikamwambia, kama nilivyotakiwa kumwambia mwezi ule wa kumi, "Nimetumwa na mdogo wangu, Araba. Anaolewa na Agyenim, mtu wa Kumasi. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, kanisa la Methodisti, Takoradi. Anakuomba uje."

Nilidhani atanifukuza, au atacheka. Alikohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie nimefurahi kuitwa. Mwambie siwezi kuja, lakini nimefurahi."

Nikasema nitamwambia. Hayo ndiyo majibu yake. Sikuongeza neno wala sikupunguza, muulize siku yoyote.

Tukakaa. Nje watoto walikuwa wanagombania tairi. Sikumwomba radhi, na yeye hakuniomba. Nilipokwisha kunywa maji akaniuliza kama nimekula. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lilelile ambalo ningempa mtu mwingine yeyote, kwamba nimekula, nimeshiba, nina haraka. Nikamwambia sijala.

Akainuka kuwasha jiko.

Kaka yako,
Ekow